Sisimizi kwenye mkojo wa mtoto, na barua zenu nyingine kuhusu homoni

Mwangaluka wasomaji wa Tabora, na nyie wa Kigoma natumaini mmeamka salama. Mwezi huu barua na meseji nyingi zimekuja na jambo moja, watoto na homoni. Nimechukua tano, majina nimeyatoa kama mlivyoomba. Mi nimekaa wodi za watoto huku magharibi miaka mingi na kinachoniuma ni kwamba magonjwa haya yanajificha, leo yanaonekana malaria kesho UTI keshokutwa utapiamlo au mtoto karogwa, alafu kipimo ambacho kingetoa jibu siku ya kwanza ndo kinakuja mwisho, wakati mwingine mtoto yuko taabani. Kwaiyo msishangae nikirudia neno apimwe apimwe kwenye kila jibu.

SWALI: Shikamoo daktari. Mi ni mama wa watoto wanne, naishi Ujiji. Wa tatu ana miaka 8 yuko darasa la pili. Mwaka jana alianza kunywa maji kupita kiasi, anamaliza kata mbili kwa mkupuo, usiku anaamka mara nne mara tano kukojoa, na kitandani akarudia kukojoa wakati alishaacha tangu ana miaka mitatu. Pale anapokojoa nyuma ya nyumba sisimizi wanajaa, nikadhani ni msimu wao. Akakonda mpaka kaptula ya shule tukawa tunamfunga kamba. Mara ya kwanza tuliambiwa malaria, mara ya pili UTI, mara ya tatu anatapika na anahema kwa nguvu, wakamtundikia dripu akazidi kulegea, ndo tukakimbilia hospitali kubwa wakapima sukari ikawa 29. Sasa anachomwa insulini mara mbili kwa siku. Mama mkwe anasema sindano zitamzoea, bora mizizi. Friji hatuna. Na wiki iliyopita alianguka shuleni, anatoka jasho anatetemeka, mwalimu akasema kifafa. Atapona lini? Na ale nini maana chakula chetu ni ugali wa muhogo?

JIBU: Marahaba dada yangu, na pole sana. Kwanza naomba utoe hilo jiwe moyoni, hukukosea kitu. Wale sisimizi uliowaona walikuwa wanafuata sukari, maana sukari ikizidi kwenye damu figo zinaimwaga kwenye mkojo, na mkojo wenye sukari unavuta maji mengi, ndo maana mtoto anakojoa, akikojoa anakauka, akikauka anakunywa, na chakula anachokula kinapita bila kuushibisha mwili kwaiyo anakonda huku anakula vizuri tu. Dalili zote umezitaja vizuri. Mtoto aliyeacha kukojoa kitandani alafu akarudia, anakunywa maji sana, anakonda, huyo atobolewe kidole apimwe sukari siku hiyohiyo, ni tone moja la damu na jibu linatoka kabla hujamaliza kumfuta machozi. Sukari ikiwa 11.1 au zaidi saa yoyote ile, na dalili zipo, hicho ni kisukari.

Nimeshapokea mtoto kama wako, wa miaka 5, mashine ikaandika HI na muuguzi mgeni akaiweka pembeni akidhani betri imekwisha. Glukomita, yaani hizo mashine za kupima sukari, nyingi zikiandika hivyo maana yake sukari ni kubwa kuliko mashine inavyoweza kusoma, kwa nyingi ni kupita 33. Nilipoinama karibu na mdomo wa yule mtoto nilisikia harufu kama ya tunda lililoiva kupita kiasi, na anahema kwa kina kama aliyetoka kukimbia huku amelala. Hiyo ni asidi imejaa kwenye damu, mwili umekosa insulini umeanza kuchoma mafuta. Hapo anatapika, tumbo linauma, na ndo hapo watu wanasema malaria kali. Na dripu ya sukari ikiwekwa kwa mtoto wa namna hii kabla hajapimwa ni kuongeza kuni kwenye moto. Wazazi mnaosoma hapa, mtoto akitundikiwa dripu ulizeni kwa upole tu, "amepimwa sukari?" Hakuna daktari wa maana atakayekasirika.

Sasa mama mkwe. Msalimie sana, najua anampenda mjukuu wake. Mwambie kisukari cha mtoto huyu, aina ya kwanza, kinga ya mwili wenyewe imeshambulia zile chembe za kongosho zinazotengeneza insulini, zimekufa. Hakijaletwa na pipi, hakijaletwa na jirani, wala si damu ya upande wenu. Insulini haimzoeshi mtoto kitu, inarudisha kile ambacho kila mmoja wetu anacho mwilini muda huu bila kujua. Kabla ya mwaka 1922 mtoto mwenye ugonjwa huu alikuwa anakufa, ndani ya miezi au mwaka mmoja miwili, hata wazazi wawe matajiri vipi. Januari mwaka huo huko Toronto, Kanada, mvulana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson ndo alikuwa mtu wa kwanza kuchomwa insulini, alikuwa amebaki mifupa, akaishi miaka 13 zaidi. Leo wapo watu wamechoma miaka hamsini, wana wajukuu. Hakuna mzizi unaofanya kazi hiyo, na watoto niliowaona wanaachishwa sindano wapewe mizizi walirudi wanahema vile nilivyosema, wengine hawakurudi. Kwaiyo swali la atapona lini, nikujibu kweli, kwa sasa hakuna tiba ya kukiondoa, ila mtoto atasoma, atacheza mpira, ataoa. Sindano ndo haikosi hata siku moja, hata akiumwa hajala. Siku za kuumwa usiikate kwa akili yako, mpime sukari kila baada ya saa tatu au nne, wapigie kliniki wakwambie dozi.

Friji. Hili naulizwa sana. Ambayo haijafunguliwa inatakiwa ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, hiyo omba kliniki wakuhifadhie uchukue chupa moja moja. Iliyofunguliwa inavumilia kama wiki nne mahali pa ubaridi wa kawaida, ila sio juu ya bati na sio dirishani. Tafuta chungu kikubwa na kidogo, vya udongo, hiki ndani ya kile, katikati jaza mchanga, mchanga umwagie maji asubuhi na jioni, insulini iwe kwenye kikopo kikavu ndani ya chungu kidogo, juu funika kitambaa kibichi, weka kivulini panapopita upepo. Maji yanapokauka kwenye ule udongo yanaondoka na joto, ndo maana maji ya mtungini yana baridi kuliko ya ndoo. Nimeingiza mkono mwenyewe kwenye chungu cha hivyo mchana wa Oktoba, unasikia ubaridi mpaka kwenye kiganja. Isilowane wala isigande, ikishaganda ni ya kutupa. Na kama ni ile ya mchanganyiko yenye rangi kama maziwa, iviringishe taratibu kati ya viganja kama mara ishirini mpaka iwe sawasawa, usiitikise kama chupa ya soda. Ukiona mabonge, tupa. Ile inayotakiwa kuwa angavu kama maji ikiwa na ukungu, tupa. Alafu sehemu za kuchoma zizungushe, paja hili, paja lile, tumbo, makalio, maana ukichoma palepale panaota uvimbe laini chini ya ngozi na dawa ya hapo haisambai vizuri, utashangaa sukari inapanda na wakati unachoma.

Kuanguka shuleni sasa. Siwezi kuapa bila kumwona, ila jasho, kutetemeka, njaa ya ghafla, kununa bila sababu, kuongea hovyo, kwa mtoto anayechoma insulini hiyo ni sukari imeshuka mpaka ithibitike vingine. Nahisi asubuhi alichoma akawahi namba shuleni uji hajamaliza. Ikishuka chini ya 3.9 mpe sukari vijiko vitatu vya chai kwenye maji kidogo, au soda ya kawaida nusu glasi, au asali kijiko kimoja cha chakula. Subiri dakika 15, pima tena, ikiwa bado rudia, ikipanda ale chakula. Huna kipimo mkononi? Mpe tu, kushuka ndo kunaua haraka. Akiwa amezimia usimmiminie kitu mdomoni, atapaliwa, mlaze ubavu, mpake asali au sukari iliyolowa ndani ya shavu au chini ya ulimi kidogokidogo huku mnamkimbiza hospitali. Nenda kaongee na mwalimu mkuu na mwalimu wa darasa, wapelekee kichupa cha asali kikae kwenye droo ya mezani, mtoto aruhusiwe kunywa maji na kwenda chooni bila kunyoosha kidole, na ale kitu saa nne. Mwalimu sio mbaya, hakujua tu.

Hapo hapo niseme, watu wa Tabora mnaniandikia kwamba asali haina madhara kwa mwenye kisukari sababu ni ya asili. Asali yetu ni nzuri naijua, lakini ni sukari. Inapandisha. Ni dawa ikishuka, ikiwa kawaida ni ya kuogopa kama sukari nyingine.

Chakula usimpikie chungu chake. Ugali wa muhogo ale, shida yake unapandisha sukari haraka na hauna cha kumjenga, kwaiyo ugali uwe saizi ya ngumi yake, sawa kila siku, na saa ileile, pembeni dagaa au mgebuka, maharage, mboga za majani nyingi. Ile sindano ya mchanganyiko ichomwe kama nusu saa kabla ya kula, na ikishachomwa lazima ale. Soda na juisi ni za siku sukari imeshuka tu. Na usinunue insulini kwa pesa ya mboga kabla hujauliza, Chama cha Kisukari Tanzania kimekuwa kikisaidia watoto wa aina hii kupata insulini na stripu za kupimia sukari bure kupitia kliniki za watoto, ulizia hapo hospitali ya Maweni.

SWALI: Mwanangu daktari, mimi ni bibi, niko Kasulu. Nalea mjukuu wangu ana mwaka mmoja na nusu. Hakai, ulimi unatoka nje, kitovu kimetokeza, choo anapata baada ya siku nne tano, ngozi kavu na ya baridi hata jua likiwaka. Alipozaliwa alikuwa wa manjano muda mrefu. Halii hovyo, akilia sauti nzito. Watu wanamsifu mtoto mpole. Mi moyo unanidunda. Au ni chumvi tunayokula?

JIBU: Shikamoo bibi. Moyo wako umekwambia kweli, usisubiri. Haya yote ukiyaweka pamoja, manjano isiyoisha, ulimi mkubwa, kitovu, choo kigumu, ubaridi, upole uliozidi, mi nafikiria tezi ya shingoni. Kwa watoto kama mmoja katika kila elfu mbili hadi elfu nne wanaozaliwa, tezi hiyo haikuumbika au iko mahali pasipo pake au haifanyi kazi. Nchi nyingi mtoto anatobolewa kisigino siku chache baada ya kuzaliwa wanapima, huku kwetu bado sio kawaida, kwaiyo kipimo chetu ni macho ya bibi kama wewe.

Apimwe damu, vipimo vinaitwa TSH na T4. Kama maabara ya karibu haina vitendanishi, damu inaweza kutolewa huko ikasafirishwa maabara kubwa, waambie wazi unaomba hivyo, usikubali "rudi mwezi ujao". Na wamwangalie pia kama ana Down, hali ya kuzaliwa na kromosomu moja ya ziada, maana sura zinafanana kidogo na hata hao tezi zao huwa zinasumbua, na sababu nyingine za mtoto kuchelewa kukaa zipo.

Ikiwa ni tezi dawa ipo, kidonge cha levothairoksini, kimoja kwa siku, maisha yote, na sio ya bei ya kutisha. Unakisaga kati ya vijiko viwili, unachanganya na maziwa ya mama kidogo au maji, unampa asubuhi palepale kwenye kijiko, usikitie kwenye chupa nzima maana akibakiza kabakiza dozi. Uji wa lishe wenye soya usimpe muda huohuo, soya inazuia dawa isiingie mwilini, acha ipite saa moja na zaidi. Dawa ya kuongeza damu yenye madini ya chuma iachane nayo kwa muda wa saa nne.

Bibi nitakwambia na lililo gumu. Ubongo unaihitaji homoni hii kuliko kiungo kingine chochote, hasa miaka mitatu ya mwanzo, na dawa inatakiwa kuanza ndani ya wiki mbili za kuzaliwa. Tumechelewa, kuna kitu cha akili kinaweza kisirudi chote. Ila atachangamka, atapata choo, atarefuka, atakaa, na kila wiki mnayowahi sasa ni faida yake. Nimemwona mtoto wa miaka miwili mwezi wa pili wa dawa anamkimbilia mama yake kwa makalio sababu kutembea bado, mama alikuwa analia na kucheka.

Umeuliza mwishoni kama ni chumvi. Kwa huyu hapana, aliyezaliwa bila tezi hata umpe chumvi gani haitaota. Ila kwa wengine chumvi ina kesi. Uvinza hapo watu wamechemsha chumvi ya chemchemi zaidi ya miaka elfu moja, chumvi nzuri, lakini kama haijaongezwa madini joto haimsaidii mtu na rovu, ule uvimbe wa tezi ya shingoni. Samaki wa ziwani hawana madini joto kama wa baharini. Na muhogo mchungu ambao haukulowekwa na kuvundikwa siku za kutosha wala kuanikwa vizuri unaizuia tezi isitumie hata hayo madogo iliyopata. Mama mjamzito akikosa madini joto mtoto tumboni ndo anaumia. Kwaiyo nunueni iliyoandikwa ina madini joto, iwe kwenye kopo lenye mfuniko mbali na jua na moshi, na itieni mboga ikikaribia kuiva.

SWALI: Niko Nzega, mi ni baba. Binti yangu ana miaka 6 na nusu, matiti yameanza kuchomoza na anarefuka haraka kupita wenzake. Mke wangu amemchapa mtoto akidhani ameharibiwa. Nimechanganyikiwa.

JIBU: Kaka, mwambie shemeji yangu kiboko akiweke chini leo. Kuguswa na mtu hakuoteshi matiti. Kama mna wasiwasi mtoto kafanyiwa ukatili hilo ni jambo zito la peke yake, aulizwe kwa upole na apelekwe hospitali, lakini matiti ni homoni. Kwa msichana kuanza kabla ya miaka 8 ni mapema, kwa mvulana kabla ya 9. Kwa wasichana wengi hakipatikani kitu kibaya, ubongo tu umewahi kuwasha taa. Kwa wavulana mara nyingi kuna sababu kwaiyo wao wasichelewe kabisa. Daktari atamkagua kama ni titi kweli au mafuta, atapima urefu, atapiga eksirei ya mkono wa kushoto kuona mifupa ina umri gani, na damu. Mifupa ikikomaa mapema mtoto anayeonekana mrefu leo ndo anakuja kuwa mfupi ukubwani, na anaweza kuvunja ungo bado yuko darasa la pili hajui hata kinachomtokea. Zipo sindano za kusimamisha mpaka umri ufike, Muhimbili wanazijua, anzia hospitali ya Kitete, Tabora, wakupe rufaa. Alafu angalieni nyumbani kama kuna krimu au vidonge vya homoni anavyovifikia.

SWALI: Mi ni mwalimu, Sikonge. Nina mwanafunzi wa darasa la sita urefu wake wa darasa la pili, wenzake wanamwita kibuyu. Ni homoni?

JIBU: Inawezekana, ila sio ya kwanza kuifikiria mwalimu. Hebu mpime leo, bila viatu, visigino vigusane na ukuta, kitabu kigumu kichwani, weka alama, andika tarehe. Rudia baada ya miezi sita na tena mwaka ukitimia. Mtoto wa umri wa shule kabla ya kubalehe anaongezeka kama sentimita 5 kwa mwaka, akiwa chini ya 4 kuna kitu kimemshika. Wazazi wake waje uwaangalie, kama wote wafupi na yeye anaongezeka vizuri huyo kafuata ukoo. Kama haongezeki, chakula, minyoo, selimundu, figo, Ukimwi, vyote vinaangaliwa kabla ya homoni ya ukuaji, na tezi pia, maana tezi iliyolala inadumaza na kidonge chake ni rahisi. Akiwa ni msichana mfupi ambaye miaka 13 imefika matiti hakuna, apimwe ugonjwa wa Turner, hali ya msichana kuzaliwa na upungufu kwenye kromosomu moja ya X. Mvulana miaka 14 bila dalili yoyote ya kubalehe naye aende. Na hilo jina la kibuyu life kuanzia kesho asubuhi mstarini, hiyo dawa unayo wewe.

SWALI: Mwanangu wa miaka 4 alikuwa hali, jirani akanipa vidonge vidogo vya hamu ya kula. Miezi mitatu sasa, amenenepa mashavu yamejaa ila miguu myembamba, na vinywele usoni. Niache? Mama, Urambo.

JIBU: Usiache leo kwa ghafla, nakuomba. Huko mitaani vidonge vya namna hiyo mara nyingi ni deksamethasoni au predinisoloni, dawa nzuri zikiandikwa na daktari kwa ugonjwa wake. Zikinywewa muda mrefu zile tezi ndogo zilizokaa juu ya figo zinalala, zinaacha kutengeneza homoni yao, na ukikata ghafla mtoto akapata hata malaria ndogo anaweza kuzimia, presha ikashuka, akafa. Inapunguzwa taratibu na daktari. Huo unene sio afya, ni dawa, na inapandisha sukari na presha na kumzuia kurefuka. Nenda naye hospitali kesho asubuhi, vidonge vilivyobaki vifunge kwenye kikaratasi uende navyo, hata kama ni viwili tu, wavione.